Mjane wa Kwenye Redio

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mwanzoni nitalizungukazunguka mpaka mwisho. Siku Mama Evelina alipovunjiwa heshima redioni, mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika gunia nisianguke.

Jina langu Shamila. Nimezaliwa Chang'ombe, hapahapa Dodoma, katika ukoo wa watu waliokuja na misafara ya zamani wakashusha mizigo na hawakuipakia tena. Nimeshona nguo, nimetembeza vitenge, na sasa huu ni mwaka wa saba napepeta alizeti kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta kule Kizota. Tupo wanawake watano. Tunaondoa mawe, vijiti na makapi kabla mbegu hazijaingia kwenye mashine. Jioni ukitoka pale una vumbi mpaka kwenye kope.

Klara, ambaye sote tunamwita Mama Evelina, alitukuta pale. Ni Msandawe wa upande wa Farkwa, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mpole, lakini anatembea haraka kama anayefukuzwa na mvua. Akipigiwa simu na watu wa kwao tunaacha ungo tumsikilize, kwa zile sauti za kugonga ulimi.

"Mnadhani nawasengenya," anasema akikata simu.

"Unatusengenya?"

"Kidogo."

Saa saba mchana mashine huzimwa, tunakula, na redio inawashwa. Kipindi chetu kilikuwa cha vituko vya dunia. Mtangazaji alikuwa na sauti ya kutaniana, unaweza kudhani ni shemeji yako. Atakusomea habari ya mtu aliyefika kwenye msiba wake mwenyewe akalalamika kuwa wali ni mchache. Atakusomea ya jogoo aliyeshtakiwa na jirani kwa kuwika kabla ya wakati, akaachiwa kwa kukosa shahidi. Sisi tunabishana ipi ya kweli na ipi ya kutunga, na mara nyingi Mama Evelina ndiye anayepatia. Alikuwa anakipenda kile kipindi kuliko sisi wote. Alisema kijijini kwao habari zilikuwa zinafika zikiwa zimechoka, lakini za redio zinafika zingali mbichi.

Jumatano moja ya mwezi wa nane, alizeti imejaa mpaka mlangoni, mtangazaji alimaliza ya mzungu aliyemwachia paka nyumba, akasema, "Na sasa kituko cha nyumbani kwetu! Mwalimu mmoja wa hapa mkoani amepewa Tuzo ya Amani ya Nyanda za Kati. Unajua alisimamisha vita kwa silaha gani, msikilizaji? Kibuyu cha asali!"

Tukacheka. Akaendelea. Alisema miaka saba iliyopita wakulima na wafugaji walitaka kuchinjana baada ya mkulima mmoja kuuawa shambani kwake. Wanaume wameshika pinde, wengine wameshika mikuki, katikati yao anapita Mwalimu Yotham na asali yake. "Lakini mwalimu anatuambia, kikwazo kikubwa hawakuwa wanaume. Alikuwa mjane wa marehemu! Mama huyo alishika kisu, akaapa hatakula wala kulala mpaka aone damu. Mwalimu akampokonya kile kisu kwa mikono yake, akamkalisha chini kama mtoto."

Hapo wakaweka mlio wa kisu kinachonolewa, na sauti ya mwanamke anapiga mayowe, kutoka filamu sijui gani. Ndipo nikashika gunia. Nikasema, na nayakumbuka maneno yangu yote, "Wallahi huyo mjane ningemfunga kamba pamoja na mbuzi."

Wenzangu wakazidi kucheka. Mama Evelina alikuwa na kipande cha kiazi mkononi. Hakukila, hakukirudisha kwenye sahani.

Simu zikafunguliwa. Wa kwanza akampongeza mwalimu. Wa pili, sauti ya mzee, akauliza kwa nini tuzo ya kupatanisha watu wawili apewe mtu wa tatu. Wa tatu akasema, "Mimi Khalidi, nanunua mahindi, napiga nikiwa sokoni Kibaigwa. Mwaka huo nilikuwa huko na lori. Huyo mwalimu namjua, simkatai. Ila siku ya hiyo mishale nilimpakia mimi mwenyewe, juu ya magunia, mpaka hapa Kibaigwa. Akakaa siku tatu akiuliza kama kumetulia. Sasa hiyo asali aliipeleka sa—"

Ukapigwa wimbo.

Tukaanza kubishana. Salma, mwenzetu, alisema watu wana wivu, Mtanzania akipata kitu lazima atokee wa kumvuta shati. Mwingine akasema huyo wa Kibaigwa asingejitaja jina kama anadanganya. Mama Evelina alisimama, akachukua ungo, akarudi kwenye gunia lake kabla ya muda. Alipepeta mchana kutwa. Tulipokuwa tunanawa ndipo aliponiambia, bila kunitazama, "Shamila, yule mjane ni mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Siyo wewe wa kujutia," alisema. "Wewe umecheka ulichosikia."

Hakuweza kwenda kwake moja kwa moja. Tulikaa nyuma ya kiwanda, kwenye magunia ya mashudu ya alizeti iliyokamuliwa, akanieleza.

Mumewe aliitwa Anselmi. Alikuwa mkulima wa mtama na mtu wa mizinga, mwenye mkono mzuri wa nyuki. Mwaka ule mvua zilikatika mapema na wafugaji wakashusha ng'ombe kufuata maji ya lambo. Asubuhi moja ng'ombe waliingia kwenye mtama. Anselmi akatoka kuwafukuza. Kijana aliyewachunga, mtu wa miaka kumi na tisa tu, alimpiga rungu moja, upande wa sikio. Walimbeba kwenye machela ya miti, na hakufika zahanati.

Wanaume wa kijiji walikusanyika uani kwake na pinde zao. Mzee Abuu, mwenyekiti wa kijiji wakati ule na mpaka leo, alikuwa mbele. Klara alitoka nje. Alisema bado alikuwa na damu ya mumewe kwenye khanga, akaona aibu kusimama vile mbele za watu, ila khanga nyingine zilikuwa zimemfunika marehemu.

"Mnakwenda kwa jina la nani?" akawauliza.

"La Anselmi," akajibu Mzee Abuu.

"Anselmi yumo humu ndani. Jina lake ameniachia mimi. Sijawatuma."

Wakamwambia mwanamke hazuii jambo kama lile. Akawaomba jambo moja tu, wamngojee mpaka jua lifike kwenye kilima. Akachukua kibuyu cha asali ya mwisho aliyoirina Anselmi, akaondoka peke yake kwenda kwenye boma la wale wafugaji. Mwendo wa saa mbili. Na ndani ya khanga, kiunoni, alichomeka kisu cha jikoni.

"Sikujua kisu nimekichukulia nini," aliniambia. "Cha kujilinda, au cha kumchoma yule kijana, sikujua. Nilifika kwenye korongo nikakaa chini. Nikasema kama sijui, basi nisiingie nacho kwa watu. Nikakitupa."

Bomani alipokelewa na bibi wa yule kijana, mama mmoja anaitwa Udagwenga, mwenye mistari ya chale kuzunguka macho. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kumi. Klara aliweka kibuyu chini akasema, "Mume wangu amekufa. Mimi sitaki wako afe." Yule bibi alielewa. Walilia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Kisha akaletewa maziwa, na wazee wakatoka kwenye maboma mengine, wakakaa. Kabla jua halijafika kilimani Klara alikuwa njiani kurudi na wazee wawili wa kifugaji nyuma yake, mikono mitupu. Kesho yake yule kijana alipelekwa polisi na watu wake wenyewe. Yakapangwa mapito ya ng'ombe na siku za maji, na mpango ule unafuatwa mpaka leo.

"Na Mwalimu Yotham?" nikauliza.

"Alikuja siku ya nne, na daftari. Akaandika makubaliano. Mwandiko wake ni mzuri."

Alisema hivyo bila dhihaka. Yotham alikuwa rafiki wa marehemu, na ndiye baba wa ubatizo wa Evelina, mtoto wao wa pekee. Klara hakuwahi kumuuliza zile siku tatu alikuwa wapi. Aliona kila mtu ana hofu yake. Baadaye Yotham aliacha kufundisha, akahamia mjini, akafungua taasisi inayoitwa Tuketi Pamoja. Evelina alipomaliza chuo akamwajiri. Klara alimshukuru Mungu, na alimshukuru Yotham pia.

Mwaka jana Yotham alikuja chumbani kwake Jumapili tatu mfululizo, na simu ya kurekodi. "Shemeji," alimwambia, "hii habari ikipotea wajukuu watatulaumu. Niambie yote." Akamwambia yote. Mpaka cha kisu, ambacho hakuwahi kumwambia hata padri. Yotham alilia.

"Nikampa leso yangu," Mama Evelina alisema. "Shamila, alichukua kisu akaacha miguu iliyotembea."

Kesho yake aliomba ruhusa kwa msimamizi, nami nikaomba ya kwangu. Nilimwambia simwachi aende peke yake. Ofisi ya Tuketi Pamoja iko ghorofa ya pili ya jengo moja jipya, upande wa majengo yale yaliyoota baada ya serikali kuhamia. Kwenye meza ya mapokezi alikuwa Evelina, suruali nyeusi, nywele zimesukwa vizuri. Ukutani nyuma yake imetundikwa picha kubwa ya Yotham ameshika kibuyu. Kibuyu chenyewe kipya, kimepakwa vanishi.

Evelina alisimama haraka. "Shikamoo mama. Shikamoo mamdogo."

Mimi niliitikia. Mama yake hakuitikia, na hilo peke yake lilimtisha yule binti, maana katika nyumba zetu salamu hainyimwi hata adui.

"Ulijua?" aliuliza Klara.

Evelina alitazama mlango wa bosi wake, akatazama chini. Kwenye meza kulikuwa na rundo la vijitabu vya tuzo ile, karatasi ya kung'aa. Klara alichukua kimoja. Yeye husoma taratibu, kwa kidole. Tulisimama tukamngoja asome. Mwisho wa ukurasa kulikuwa na mstari mdogo wa kumtaja aliyeandaa maandishi. Ni Evelina Anselmi.

"Nilichapa tu, mama. Maneno alinipa yeye. Nilimwambia hapa siyo hivi. Akasema hadithi bila mtu anayekataa amani haiwi hadithi ya amani, wafadhili hawataielewa."

"Ukachapa."

"Nilidhani hutasikia."

Sijawahi kumwona mtu akipigwa na maneno kama nilivyomwona Mama Evelina pale. Alirudi nyuma hatua moja, kweli, kama amesukumwa. Yule binti angesema aliogopa kufukuzwa kazi, tungemwelewa. Angesema alisahau, tungejifanya kumwamini. Lakini alisema alidhani mama yake hatasikia.

Yotham akatoka. Mtu mzima mwenye tumbo dogo, miwani kifuani, mkarimu wa sura. "Shemeji! Karibu, karibu. Mbona hamkusema mnakuja?" Akataka tuingie, tuletewe soda. Klara alibaki amesimama palepale.

"Mwalimu, kwa nini mimi?"

"Kwa nini wewe nini, shemeji?"

"Walikuwepo wanaume arobaini na pinde. Ungesema Mzee Abuu ndiye aliyekataa, maana kweli alikataa. Kwa nini ukasema mimi?"

Yotham alivaa miwani, akaivua. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa maswali mengine yote, ya nani alibeba asali, ya Kibaigwa, ila siyo lile. Na kwa sababu hakujiandaa, alisema ukweli.

"Mzee Abuu angenikasirikia maisha yote. Wewe nilijua utanisamehe."

Kisha akajaribu kurekebisha. Akasema jina lake halikutajwa popote, limeandikwa "mjane" tu, nani atajua. Akasema tuzo ile si yake, ni ya kijiji, na fedha za tuzo zitachimba kisima kirefu palepale kijijini, cha pampu ya jua, na kina mama hawatafukua tena mchanga wa korongoni. Akasema atapiga simu redioni kuweka mambo sawa. "Nipe wiki moja, shemeji. Kwa jina la Anselmi."

"Hilo jina usilishike," alisema Klara, na tukaondoka.

Wiki ikapita. Tulisikiliza redio kila mchana, na sasa hatukuwa tunacheka sana. Walitangaza habari ya nguruwe aliyeingia benki huko ng'ambo. Walitangaza ya mtu aliyejishtaki mwenyewe. Ya mwalimu hawakuirudia. Badala yake Mama Evelina alipigiwa simu kutoka kijijini. Alikuwa Mzee Abuu. Kulikuwa na sherehe ya kupokea tuzo Jumamosi, mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam, na jiwe la msingi la kisima litawekwa.

"Mwanangu," Mzee Abuu alimwambia, nasi tulisikia maana simu ilikuwa kwenye spika, na kwa ajili yetu walizungumza Kiswahili. "Sisi sote tunajua ni nani aliyekwenda. Hakuna asiyejua. Lakini maji, Klara. Wajukuu zangu wanaamka alfajiri kufukua mchanga. Njoo, ukae mbele, ule nyama, unyamaze. Baada ya kisima kuchimbwa tutasema."

"Baada ya kisima kuchimbwa mtasema nini, baba?"

Mzee akamwambia wote wanamsalimu.

Nilidhani hatakwenda. Alikwenda, na nikafuatana naye. Tulipanda basi la Kondoa, tukashuka njiani tukakodi pikipiki mbili. Ile nchi wakati wa kiangazi ni nyekundu na kavu. Watu walimpokea vizuri mno, na huo wema wao ndio uliokuwa mgumu kuumeza. Wanawake walimkumbatia muda mrefu bila kusema lolote. Wanaume waliosimama uani kwake na pinde siku ile walimsalimia wakitazama viatu vyao. Hakuna hata mmoja aliyemwambia pole.

Turubai lilifungwa mbele ya shule. Wafugaji pia walialikwa, ili picha itimie, wakapewa benchi upande wao. Mgeni rasmi alihutubia. Yotham alisimulia. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akisimulia vizuri vile. Alitembea hatua mbili tatu mbele ya meza kuonyesha njia, akainama kuweka kibuyu chini, sauti ikamkauka mahali panapopasa. Alipofika kwa mjane, alipunguza. Hakutaja kisu. Alisema tu, "na maumivu ya mjane, ambayo ilibidi tuyatulize." Alikuwa amemwona Klara amekaa mbele. Watu walipiga makofi. Mzee Abuu alipiga makofi.

Ndipo Klara akasimama. Hakuomba nafasi, alikwenda tu moja kwa moja kwenye kipaza sauti, kwa mwendo wake ule wa haraka, na mshereheshaji akadhani amepangwa.

"Mimi ni Klara, mke wa Anselmi," alisema. "Yule mjane wa redioni ni mimi. Sikuomba damu ya mtu. Kisu nilikuwa nacho, nilikitupa mwenyewe korongoni, hakuna aliyeninyang'anya. Na asali ile—"

Kipaza sauti kikazimwa. Sijui aliyezima ni nani, na sitaki kumsingizia mtu. Klara aliendelea bila hicho. "Asali ile aliirina Anselmi. Nilikwenda nayo mimi. Sitaki tuzo. Nataka msiniite mtu wa damu." Sauti yake haikufika nyuma. Waliokaa mbele walisikia, na waliokaa mbele walikuwa palepale miaka saba iliyopita, hawakuhitaji kuambiwa.

Nilimtazama Mzee Abuu. Nilikuwa namwomba kwa macho asimame. Alikuwa anafuta kiatu chake kwa ncha ya fimbo.

Aliyesimama ni Yotham. Alikuja akamwekea Klara mkono begani, kipaza sauti kikawaka tena, akasema kwa upole, "Ndugu mgeni rasmi, mnaona wenyewe. Vidonda bado vibichi. Ndiyo maana nasema amani ni safari, na kazi yetu haijaisha." Mgeni rasmi aliinamisha kichwa kwa huruma. Watu wakapiga makofi tena, na safari hii kwa nguvu, kwa sababu walipewa njia ya kutoka.

Hata kusema kwake alimpokonya, akakufanya kipande cha hotuba.

Klara aliutoa ule mkono begani. Alirudi, akanishika, tukatoka kwenye turubai. Nyuma yetu nilisikia benchi linasogea. Alikuwa Udagwenga, amezeeka mno sasa, anashikiliwa na mjukuu. Watu wake wengine walibaki kungoja nyama, yeye alitoka. Walishikana mikono yeye na Klara, wakasimama hivyo. Bibi yule alisema jambo refu kwa lugha yake, na mjukuu akatafsiri kwa ufupi: "Anasema yule mwanaume hamjui. Wewe anakujua."

Nilidhani Mama Evelina atalia. Alimuuliza tu yule mjukuu, "Kaka yako ametoka gerezani?" Akajibiwa atatoka mwakani. "Mwambieni akitoka apite Kizota anisalimie," alisema.

Tulirudi Dodoma siku hiyohiyo.

Kisima kilichimbwa. Nasikia maji ni mengi na mazuri, na jiwe lina jina la Yotham. Kina mama wanachota, na Klara anasema nao wachote, hana ugomvi na maji. Mimi niliandika barua kwa waliotoa tuzo, nikaweka na namba ya Khalidi wa Kibaigwa, niliyemtafuta kwa madalali mpaka nikampata. Nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba maoni yangu yamepokelewa. Khalidi anasema hajapigiwa na mtu. Kijijini hakuna aliyemfuata Klara kumwambia lile walilosema watalisema.

Pale kazini redio tunafungulia muziki sasa. Hakuna aliyeamua hivyo, imetokea tu.

Evelina hajaacha kazi. Alitaka kuacha, akaandika barua, na mama yake ndiye aliyemkataza. "Ukiacha utasema uliacha kwa ajili yangu," alimwambia. "Sitaki kitu kingine kifanyike kwa ajili yangu." Kwa hiyo yule binti anaendelea kukaa chini ya ile picha. Kila Jumapili baada ya misa anakuja kwa mama yake, anapiga magoti kusalimia, anaosha vyombo, anafua hata visivyochafuka. Klara anampikia. Nimewahi kuwakuta. Sahani ya Evelina imepakuliwa nyama nyingi kuliko ya mama, kama zamani. Evelina anauliza, "Mama, wiki imekwendaje?" na Klara anajibu, "Nzuri." Anauliza kama mguu bado unauma, anajibiwa, "Haujambo." Zamani, Evelina mwenyewe aliniambia huku machozi yanamtoka mlangoni, mama yake alikuwa akimpa habari za wiki nzima, mpaka ya kuku wa jirani, mpaka ndoto alizoota.

Siku moja nilimuuliza Mama Evelina kama hajamsamehe mtoto wake.

"Nilimsamehe palepale ofisini," alisema. Alikuwa anachagua mawe kwenye alizeti, hakuinua macho. "Ni mwanangu, nimfanyeje. Kula anakula. Ila habari zangu siwezi kumpa tena. Nikianza kusema, naona vidole vyake vinachapa."